Kalamu Kutoka Kilungu

SEHEMU YA KWANZA: Mshahara

Mtu aliyekuwa na kazi Sauti ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 hakuhitaji kuombewa. Alikuwa na ofisi Nairobi, mshahara ulioingia kila mwisho wa mwezi, na heshima iliyomtangulia kijijini kabla basi halijamfikisha. Uhuru haukuwa umetimiza miaka 10. Vijana waliomaliza shule walizunguka mjini na vyeti mkononi wakitafuta hata kazi ya tarishi. Na David Gian Maillu, mchoraji aliyeajiriwa hapo tangu mwaka 1964, alikuwa akijiandaa kutoka.

Hakuwa ameitwa kwenye kazi nono zaidi. Alitaka kuandika vitabu, avichapishe mwenyewe, avitafutie wanunuzi mwenyewe. Wachapishaji wa wakati huo waliishi kwa vitabu vya shule. Kitabu kilinunuliwa kwa sababu mwalimu amekitaja, na mtihani ukishapita kiliwekwa juu ya kabati hadi mdogo wa nyumba akihitaji. Kuacha mshahara wa serikali kwa biashara kama hiyo kulimaanisha kwamba ama mtu ameona kitu ambacho wenzake hawajakiona, ama amechoka kula.

Ili upime uzito wa uamuzi huo, msomaji, twende kwanza milimani.

Sisi wa Wote, mji wa jua na maembe, tukitazama upande wa magharibi tunaona ardhi ikipanda. Huko ndiko Kilungu. Mvua inayotukwepa sisi huku chini, kule hushuka pamoja na ukungu, na wakulima wamekata matuta kwenye miteremko ambayo hata mbuzi hufikiri kabla ya kuipanda. Maillu alizaliwa huko mwaka 1939. Wakati huo hakukuwa na Makueni ya kujitegemea. Yote ilikuwa Machakos, na Wote haikuwa makao makuu ya wilaya hadi mwaka 1992.

Mwaka mmoja kabla hajazaliwa, Ukambani ilitikisika. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza kuwanyang'anya watu ng'ombe, ikidai kwamba mifugo imezidi uwezo wa ardhi. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, hadi Nairobi kumdai gavana mali yao. Walipiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Mwishowe serikali ililegeza kamba, lakini Mbingu alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu. Sidhani kulikuwa na nyumba ya Mkamba katika miaka iliyofuata ambamo habari hiyo haikusimuliwa jioni, baada ya mlo wa muthokoi, pamoja na mbano, hadithi za sungura na fisi. Ngewa, yaani masimulizi kama hayo, zilikuwa shule kabla ya shule. John Mbiti, mtoto wa Mulango, Kitui, aliyekuja kuwa mwanatheolojia wa kusifika duniani, alitoa kitabu chake Mutunga na Ngewa Yake kwa Kikamba mwaka 1954, na mtoto wa Kilungu wa wakati huo aliweza kuona kwamba lugha ya mama yake nayo inapigwa chapa.

Elimu ya Maillu haikufuata njia iliyonyooka. Alipitia shule za misheni, kisha akajisomesha kwa masomo ya posta hadi akapata cheti cha Cambridge. Ninaomba tusilipite hilo haraka. Kusoma kwa posta ni kukaa peke yako na karatasi, usiku, bila mwalimu wa kukuambia umepatia au umekosea hadi bahasha irudi. Mtu aliyepitia hapo hujifunza kutosubiri ruhusa.

Sauti ya Kenya ikamchukua kama msanii wa michoro. Televisheni ilikuwa na umri wa miaka miwili hivi nchini. Kila kilichohitaji kuchorwa au kuandikwa kwa ustadi kabla ya kutokea kwenye kioo kilipitia mikono ya watu kama yeye. Hapo alijifunza somo ambalo idara za fasihi hazikulifundisha: mtazamaji akichoka anaondoka, na hakuachii barua ya kueleza sababu.

Mwaka 1965 Taban lo Liyong alikuwa ameilaumu Afrika Mashariki kwamba ni jangwa la fasihi. Mwaka uliofuata Okot p'Bitek akatoa Song of Lawino, na wasomaji wakaona kwamba malalamiko ya mke wa kijijini yanaweza kujaza kitabu kizima na kuuzika. Mwaka 1971 Charles Mangua akaandika Son of Woman, hadithi ya mhuni wa mjini kwa lugha ya mjini, na nakala zikatoka kwa kasi ambayo wachapishaji hawakuizoea. Maillu aliyaona hayo. Lakini hakutaka kubahatisha. Alifanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo ufunguo wa maisha yake yote ya uandishi: alikwenda kuchunguza watu wanataka kusoma nini. Mapenzi, pombe, pesa, siasa, dini, kifo. Hayo ndiyo waliyokuwa wakizungumza, na karibu hakuna kitabu kilichokuwa kikizungumza nao.

Mwaka 1972 kampuni yake ikapata jina, Comb Books. Kitabu cha mwanzo, Ki Kyambonie, kilihusu methali za Kikamba na namna lugha hiyo inavyoandikwa. Kitabu cha adabu kabisa; mchungaji angeweza kukibeba pamoja na Biblia yake bila mtu kugeuka.

Mswada uliofuata haukuwa wa kubebwa hivyo. Ndani yake mtumishi wa serikali, Jonathan Kinama, anapokea mshahara wa mwezi. Kijijini mke na watoto wanasubiri. Mfuko ni mzito, jua la Nairobi linatua, taa za baa zinawaka moja baada ya nyingine, na Kinama anasimama njia panda.

Itaendelea Jumamosi ijayo.


SEHEMU YA PILI: Saa kumi na nusu

Kinama hakwenda nyumbani. Anayekisoma Unfit for Human Consumption, kilichotoka mwaka 1973, anamfuata mtu huyo hatua kwa hatua, pombe na wanawake, deni juu ya deni, hadi anapojitoa uhai. Kitabu ni chembamba, unaweza kukimaliza katika safari moja ya basi. Mwaka huohuo ikatoka My Dear Bottle, ambamo mlevi anaongea na chupa yake kwa mtiririko wa shairi: anaibembeleza, anaishtaki, anaiambia ambayo hawezi kumwambia mke wala bosi.

Ningependa msomaji aliyewahi kupanda jukwaani akitazame kitabu hicho kwa jicho la mwigizaji. Kuna mtu mmoja, chupa moja, kiti kimoja. Hakuna msimulizi anayekushika mkono. Maillu anahesabiwa kati ya watunzi wa riwaya, lakini katika vitabu hivi vya mwanzo ninamwona mtunzi wa tamthilia. Wahusika wake hawaelezwi, wanasema, na unajua wao ni nani kwa jinsi wanavyosema na wanachokiruka.

Kisha ukaja mwaka 1974 na After 4.30.

Saa kumi na nusu jioni ofisi za serikali zilifungwa. Mashine za taipu zikanyamaza, makarani wakashika njia ya kituo cha basi. Sekretari mmoja akaambiwa abaki kidogo, kuna barua ya haraka. Maillu aliandika kwa sauti ya mwanamke huyo. Bosi ana mamlaka ya kumpandisha cheo na ya kumfukuza, na anajua kwamba sekretari naye analijua hilo. Leo tuna sheria za kazi na maneno ya mahakamani kwa kosa hilo. Mwaka 1974 wanawake waliotendewa hivyo waliambiwa wajifunze kuishi nalo, na huyu mwanamume wa Kilungu akampa mmoja wao kurasa nyingi za kusema bila kukatizwa. Ninakiona kuwa kitabu chake bora cha miaka hiyo. Vipo vingine ambamo mwili wa mwanamke umewekwa tu ili kurasa zifunguliwe, na aliyevikosoa kwa hilo hakuwa mwonevu. Hiki si kimojawapo.

Vitabu vikanunuliwa. Vilinunuliwa na sekretari wenyewe, na makarani, na walimu wa msingi, na wanafunzi walioficha nakala ndani ya daftari la hesabu. Watu ambao mchapishaji mwingine yeyote angesema hawasomi walipokezana nakala hadi majalada yakang'oka. Comb Books ikatoa kingine na kingine: Troubles, Dear Monika, Dear Daughter, na ule utenzi mrefu wa masaibu ya mtu wa kawaida, The Kommon Man, uliotoka kwa sehemu tatu.

Chuo Kikuu cha Nairobi kikakasirika. Ajabu ni kwamba hicho ndicho chuo ambacho mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitaka idara ya Kiingereza ivunjwe ili fasihi ya Afrika ikae katikati. Sasa Mwafrika wa kawaida alikuwa amechagua anachotaka kusoma, na wahakiki, Chris Wanjala akiwa mstari wa mbele, wakaona ni takataka. Ninaielewa hofu yao. Walikuwa wakijenga nyumba ya heshima na hawakutaka mlevi azungumze sebuleni. Lakini hakuna aliyekuwa amefika kwa yule karani wa kituo cha basi kabla ya Maillu, na hilo lilipaswa kuwakosesha usingizi zaidi kuliko pombe ya Kinama.

Kuna swali ambalo hunirudia kila ninapofika mahali hapa. Kule Senegal, Ousmane Sembène, mtunzi wa riwaya, alikuwa ameona kwamba watu wake wengi hawasomi Kifaransa. Akajifunza filamu, na mwaka 1963 akatoa Borom Sarret. Mwaka 1968 akatoa Mandabi, filamu ambayo watu wake waliisikia kwa Kiwolofu chao wenyewe. Maillu alifanya kazi ndani ya jengo la televisheni kwa takriban miaka 10. Alijua picha, alijua mazungumzo, alijua hadhira. Kwa nini hakwenda kwenye filamu? Sehemu ya jibu ni pesa. Filamu inahitaji kamera, maabara na kundi la watu wa kulipwa. Kitabu chembamba kinahitaji karatasi, mpiga chapa na mtu wa kukibeba. Aliyetaka kuwafikia watu bila kumwomba mkubwa yeyote alilazimika kushika chombo alichoweza kukimiliki.

Ngũgĩ naye aliifuata hadhira yake. Mwaka 1977 alipeleka tamthilia kwa wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ kwa Gĩkũyũ, na kabla mwaka haujaisha akatiwa kizuizini. Akiwa uhamishoni alisomea filamu Sweden, na mwaka 1994 akashirikiana na Manthia Diawara kutengeneza filamu kuhusu Sembène huyohuyo. Watu hawa walipita njia tofauti wakitafuta macho na masikio yaleyale. Jina la Maillu mara nyingi huachwa nje ya orodha hiyo, nami nimeamua kulirudisha.

Kufikia mwaka 1976 mwandishi wetu alikuwa juu. Vitabu vyake vilikuwa vikivuka Namanga ndani ya mizigo ya wafanyabiashara na wasafiri, vikisomwa Arusha na Dar es Salaam, na soko la nchi tatu lilionekana kama shamba lililolimwa tayari. Ndipo Dar es Salaam ikasema neno moja.

Itaendelea Jumamosi ijayo.


SEHEMU YA TATU: Mpaka

Marufuku.

Vitabu vya Comb Books havikutakiwa tena Tanzania. Anayeijua Tanzania ya miaka ile hatashangaa. Azimio la Arusha lilikuwa limepita mwaka 1967, na tangu Januari 1969 Operesheni Vijana iliwasaka waliovaa sketi fupi, wigi na suruali za kubana. Taifa lilikuwa likijaribu kumjenga mtu mpya. Vitabu vya Nairobi vilivyojaa chupa na vitanda vilionekana kubeba ugonjwa wa ubepari wenyewe. Kwamba Maillu aliwaandika walevi ili waonekane wanavyoangamia, hilo halikuhesabiwa.

Pigo lingekuwa dogo kama majirani wengine wangekuwa salama. Lakini Uganda ilikuwa mikononi mwa Idi Amin, na biashara ya vitabu huko ilikuwa imedhoofika pamoja na biashara nyingine zote. Kisha Februari 1977 Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo, na mpaka haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Mchapishaji mwenye ghala la serikali au kampuni mama kule London angeweza kuvumilia. Comb Books ilikuwa mtu mmoja na madeni yake. Kabla muongo haujaisha ilikuwa imezama.

Hapa ndipo wengi hufunga hadithi ya Maillu. Muulize mtu wa umri fulani Wote hapa, atakuambia habari za After 4.30 kwa tabasamu la mtu aliyeisoma kwa kujificha, halafu atanyamaza. Ninachotaka kusema Jumamosi ya leo ni kwamba alikuwa bado hajaanza nusu ya kazi.

Alianzisha tena uchapishaji kwa jina lake mwenyewe. Na mwaka 1980 kampuni ya Macmillan, katika mfululizo wake wa vijana ulioitwa Pacesetters, ikatoa vitabu viwili vya Maillu ambavyo ungeapa vimeandikwa na watu wawili tofauti. Kimoja, For Mbatha and Rabeka, ni cha mapenzi ya walimu wa kijijini yanayotikiswa na Mawa, mwanamume wa mjini mwenye fedha. Hakuna ukurasa hapo wa kumfichia mtoto. Ninawajua watu waliojifunza Kiingereza chao kizuri humo. Kingine kilikuwa The Equatorial Assignment, na ndani yake akazaliwa jasusi Benni Kamba, namba 009, anayelitumikia bara zima dhidi ya maadui wa Afrika.

Wasomaji wa Kiswahili watakuwa wameshatabasamu. Kule Tanzania Elvis Musiba alikuwa ametoa Kufa na Kupona mwaka 1974, na shujaa wake, mpelelezi anayepambana na maadui wa ukombozi wa Afrika, aliitwa Willy Gamba. Gamba upande mmoja, Kamba upande wa pili, mpaka umefungwa katikati, na wote wawili wakitumwa kuilinda Afrika ileile. Natamani mtu angewakutanisha kwenye filamu moja. Benni Kamba alirudi mwaka 1986 katika Operation DXT, safari hii kwa Heinemann.

Maillu hakutulia hata hapo. Mwaka 1988 alitetea ndoa ya wake wengi katika Our Kind of Polygamy, kitabu ambacho kimenikasirisha kila nilipokifungua na ambacho sijafaulu kukipuuza. Mwaka 1989 akatoa Without Kiinua Mgongo, na humo Kiswahili na Kiingereza vinapishana ndani ya sentensi moja kama vinavyopishana katika matatu ya Nairobi. Wasanifu wa lugha walishika vichwa. Leo vijana wetu wanaandika hivyo katika filamu na vichekesho vyao vya simuni, na hawajui kwamba mzee wa Kilungu alilipia karatasi na wino kuwatangulia. Aliandikia watoto pia: Mbengo and the Princess, The Orphan and His Goat Friend. Jina lililokuwa likifichwa ndani ya daftari la hesabu sasa liliweza kukaa juu ya dawati.

Halafu mwaka 1991 ikatoka Broken Drum.

Ni riwaya ya kurasa zaidi ya 1,000, na mzigo wake ni historia ya Wakamba. Yule yule aliyewapa watu vitabu vya safari moja ya basi alitoa kitabu cha msimu mzima wa masika. Vizazi vinapita humo, biashara ya masafa marefu, ujio wa wageni, kuvunjika kwa desturi, watu wakijaribu kubaki wao. Naona hapo mtoto aliyezaliwa mwaka mmoja baada ya maandamano ya Mbingu akirudisha ngewa zote alizopokea jioni. Mwaka uliofuata Makueni ilikatwa kutoka Machakos na Wote ikawa makao yake. Tulipata ofisi za wilaya, tukapata mahakama na benki. Mwaka 2013 tulipata hata gavana wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, ambaye pamoja na kufundisha sheria aliandika tamthilia na mashairi. Kaunti yenye kalamu kama hizi ina deni: kijana wa hapa anayebuni mchezo wa tamasha la shule, au anayepiga filamu kwa simu kando ya mto Kaiti, anastahili kuambiwa kwamba ametokea kwenye ukoo wa watu wa kazi hii.

Lakini sijamaliza na Maillu, kwa kuwa yeye hakumaliza.

Watu waliompiga marufuku, wahakiki waliomwita mchafu, wachungaji waliokemea My Dear Bottle mimbarini, wote waliamini wamejua mwisho wa uwezo wake ni wapi. Riwaya, mashairi, ujasusi, watoto, historia. Nini kingine kingebaki? Kilibaki kimoja, ambacho hata rafiki zake hawangekitaja. Mtu wa saa kumi na nusu aliketi kuandika kitabu kitakatifu. Hakikuwa kitabu kuhusu dini, wala maoni juu ya Biblia ya wamisionari waliomfundisha kusoma. Kilikuwa maandiko, yenye sauti ya maandiko, ya kuwapa Waafrika kitabu chao wenyewe cha imani, na jina lake lilitangaza hivyo waziwazi juu ya jalada.

Kikapigwa chapa. Kikafika Ukambani, kwenye nyumba ambazo Biblia ya Kikamba hukaa mezani juu ya kitambaa cheupe. Na mkono wa kwanza ukanyooshwa kukifungua.

Itaendelea Jumamosi ijayo.